Kitanda cha kaka Likasi: msaada upi ni halali kwenye mbio za kujitegemea?

Swali: Fundi, jambo sana. Klabu yetu ya Katuba inaandaa mbio za kinga (baiskeli), Lubumbashi hadi Kolwezi kupitia Likasi na kurudi, bila gari la kutufuata. Mwenzetu mmoja ana kaka yake Likasi, anataka kulala na kula huko. Wapo wanaosema ndugu ni ndugu, asikatazwe. Wapo wanaosema hata kununua tyubu njiani ni udanganyifu. Tufuate lipi? Na kila mtu abebe nini?

Jibu: Ndugu, kabla ya kuandika kanuni hata moja, kubalianeni juu ya kipimo. Jiulizeni: mshindani wa mwisho kabisa, asiyejuana na mtu kuanzia Lubumbashi hadi Kolwezi, anaweza kupata msaada huu kwa njia hiyo hiyo? Akiweza, ni halali. Asipoweza, huo ni msaada wa pembeni, hata ukiwa sahani moja ya bukari. Tyubu ya dukani inapita, maana duka linamuuzia yeyote mwenye pesa. Kitanda cha kaka hakipiti. Na msilegeze hapo: hata mzaliwa wa Likasi asilale kwake. Alipie chumba kama mgeni au alale nje.

Kipimo hiki kinatumika kwenye mbio kubwa. Tour Divide, inayoanzia Banff nchini Kanada na kuishia mpakani mwa Marekani na Meksiko, takriban kilomita 4,400, haina ada wala zawadi. Msingi wake ni kwamba kila mtu ajifanyie mwenyewe na atumie huduma zilizo wazi kwa washindani wote. Transcontinental ya Ulaya, aliyoianzisha Mike Hall mwaka 2013, inashika msimamo wa namna hiyo. Ipo pia mila nyingine: Paris–Brest–Paris, takriban kilomita 1,200 ndani ya saa 90, inaruhusu ndugu na gari lao kumsaidia mwendeshaji, ila kwenye vituo vya ukaguzi tu. Zote mbili ni za haki. Kinachoharibu ni kuzichanganya, huyu akisubiriwa na shemeji kituoni na yule akila biskuti za mfukoni.

Msaada wenyewe si lazima uwe chakula. Mwaka 2023 mwendeshaji Lachlan Morton alimaliza Tour Divide kwa siku 12 na saa 12 na dakika kadhaa, chini ya rekodi ya Mike Hall ya mwaka 2016, lakini alikuwa na kikundi cha wapiga picha njiani, kwa hiyo muda wake haukuhesabiwa kuwa rekodi ya kujitegemea. Sura unazozifahamu zikikungoja kilimani saa mbaya zinabadilisha safari, hata zisipokupa tone la maji. Basi kama kuna atakayepiga picha, apige za wote na asimfuate mmoja.

Ukarimu wa barabarani ndio unaowasumbua wengi. Mama muuza muhogo akikuita na kukupa maji, pokea na ushukuru. Hakukupangia, na angempa yeyote aliyepita. Ila ukimpigia binamu simu akungoje na kuku wa kukaanga kwenye njia panda, huo ni mpango. Parokia inayopokea wageni nayo ni sawa, mradi inapokea kila mtu na unalipa kama wengine. Kupiga simu mapema kuagiza chumba hakuna ubaya, kwa sababu namba ile kila mmoja anaweza kuipiga.

Vifurushi vya kutanguliza kwa basi vipigeni marufuku, au mwandaaji abebe mfuko mmoja kwa kila mtu hadi Kolwezi, kilo 2, ukifungwa mbele ya wote kabla ya kuanza. Hali ya barabara iandikwe kwenye kundi moja la WhatsApp ambalo wote wamo. Kumnong'oneza mmoja kwamba njia fulani imefungwa ni msaada sawa na kumpa gurudumu. Kuhusu vizuizi vya njiani, mwandaaji atengeneze barua moja ya safari, maneno yale yale kwa kila mmoja, na kila mtu abebe kadi yake ya mpiga kura. Bila hivyo, anayejuana na askari atapita na mwingine atakalishwa saa nzima.

Kujificha nyuma ya mwenzako kukwepa upepo kunapunguza kazi ya miguu kwa kiasi kikubwa sana. Wekeni pengo la mita 20, isipokuwa wakati wa kumpita mtu. Kushika kamyo (lori) kwenye mlima, kama wafanyavyo baadhi ya wabeba makala, iwe kufukuzwa mara moja bila onyo. Na usiku simamisheni mwendo kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi: barabara hii imejaa makamyo ya migodi, na mwenye taa hafifu haonekani. Kanuni hii inaleta haki pia, maana mwenye taa ya bei kubwa hapati faida ya kilomita 100 za gizani. Kila mtu apige picha mahali aliposimama na asubuhi aanzie hapo hapo.

Kuhusu mzigo, tatizo linaanzia kwenye gurudumu. Tyubu zinazopatikana kwa urahisi masokoni ni za inchi 26 na za zile baiskeli ndefu za 28. Hiyo 28 ya kizamani ina rimu ya milimita 635. Baiskeli za sasa zinazoitwa 28 au 29 zina milimita 622. Tairi ya 635 ukiivalisha kwenye rimu ya 622 inapwaya na kuchomoka, msidanganywe na namba ya nje. Tyubu inavumilia zaidi: ya 26 inanyooka hadi kwenye 29 ikikufikisha mjini, ingawa inakuwa nyembamba na kuchomwa upesi. Beba tyubu 2 za kipimo chako, viraka 8, gundi mpya ambayo haijafunguliwa (iliyokwisha kufunguliwa hukauka), na kipande cha tairi kuukuu cha kuziba mpasuko kwa ndani. Kama vali zako ni nyembamba za Presta, nunua kile kipete cha shaba cha kuzigeuza, kwa sababu pampu ya kwado (fundi wa kuziba tairi njiani) haishiki Presta. Kumlipa kwado ni halali kabisa, lakini ukifika kwake bila kipete mtatazamana tu.

Ongeza viungo 2 vya mnyororo vya idadi yako ya gia (cha gia 11 si cha gia 12, na mnyororo mpana wa baiskeli ya kawaida hauingii), spoki 3 za urefu sahihi, na kipande cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Hicho kila aina ya baiskeli ina chake, na hakuna sudere (fundi wa kuchomelea chuma) atakayekichomea vizuri kando ya njia. Chagueni miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba. Vumbi jekundu hula mnyororo, kwa hiyo pakeni nta au mafuta makavu, na futeni kila jioni.

Uwezo wa kubeba maji uwe lita 4 kila mtu. Maji ya kisima yatibuni kwa vidonge vya klorini kama pakiti inavyosema. Kwa javeli (klorini ya maji ya kufulia) isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, weka matone 2 kwa lita na ungoje dakika 30. Yakiwa na tope, chuja kwa kitambaa kwanza na uzidishe matone mara mbili. Pesa iwe falanga, noti ndogo ndogo. Dola yenye mpasuko mdogo tu pembeni hukataliwa, na ukiwa na njaa hutakuwa na nguvu ya kubishana.

Kupeana vipuri kati ya washindani mimi ningekataza, kwa kuwa wawili wakigawana pampu na tyubu wamekuwa timu. Wanaotaka hivyo wajiandikishe kama jozi tangu mwanzo. Maji na huduma ya kwanza ni nje ya kanuni hii: anayesimama kumsaidia majeruhi arudishiwe muda wake wote.

Mitambo ya setilaiti si lazima. Kila mtu apewe kadi ya kugongwa muhuri Likasi, Kolwezi na tena Likasi wakati wa kurudi, pamoja na picha yenye saa. Aliyepanda gari kwa sababu yoyote arudi mahali alipoacha njia ndipo aendelee, asiporudi, hakumaliza. Adhabu ya kosa la pengo la upepo iwe kuongezewa saa 1, na ya kulala kwa ndugu saa 6. Malalamiko yaandikwe kabla ya saa 24 kupita tangu mlalamikaji afike, yakitaja kilomita na saa, na yaamuliwe na watu 3 ambao hawakushindana.