Kwa nini argoni imetangulia potasiamu?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika daftari la kemia la mwanangu imeandikwa kwamba elementi hupangwa kuanzia nyepesi hadi nzito. Nilipolitazama jedwali la elementi lenyewe, nikakuta argoni, yenye uzito wa atomu 39.95, imewekwa kabla ya potasiamu yenye 39.10. Je, mchapaji amekosea? — Mzazi, Morogoro

JIBU: Mchapaji hana kosa, sentensi ya daftarini ndiyo iliyopitwa na wakati. Mwaka 1869 Dmitri Mendeleev wa Urusi alizipanga kwa uzito elementi zilizojulikana wakati huo, ambazo zilikuwa zaidi kidogo ya 60, akaziweka pamoja zile zenye tabia zinazofanana. Pale uzito na tabia vilipogongana, alifuata tabia: teluriamu aliitanguliza mbele ya iodini ingawa ni nzito zaidi, akiamini kwamba waliopima ndio waliokosea. Hawakuwa wamekosea, lakini naye alikuwa ameziweka mahali pake.

Sababu ilipatikana mwaka 1913, mwanafizikia Mwingereza Henry Moseley, akiwa Manchester, alipopima eksirei zinazotolewa na elementi mbalimbali na kuona kwamba zinafuata namba kamili inayopanda moja moja kutoka elementi hadi elementi. Namba hiyo ni idadi ya protoni, yaani chembe zenye chaji chanya, katika kiini cha atomu. (Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na umri wa miaka 27 tu.) Argoni ina protoni 18 na potasiamu 19, na mpangilio hauangalii zaidi ya hapo. Tukizibadilisha nafasi kwa sababu ya uzito, potasiamu, ambayo kipande chake kidogo kikitiwa majini huwaka mwali wa zambarau, ingekaa katika safu ya gesi adimu, na argoni, ambayo mafundi huitumia kukinga chuma kinachochomelewa kwa kuwa haiungani na kitu, ingekaa chini ya sodiamu.

Limebaki suala la uzito wenyewe, nalo ndilo tamu zaidi. Uzito wa atomu hutokana na protoni pamoja na nyutroni, chembe za kiini zisizo na chaji. Potasiamu iliyo nyingi ina nyutroni 20, jumla 39. Argoni iliyo hewani, karibu yote, ina nyutroni 22, jumla 40. Nyutroni hizo za ziada zina asili yake. Ndani ya miamba kuna potasiamu kidogo yenye jumla ya 40, ambayo si thabiti: baadhi ya viini vyake hunasa elektroni, protoni moja ikageuka nyutroni, na hapo 19 inakuwa 18 bila jumla ile ya 40 kubadilika. Maana yake ni kwamba karibu kila atomu ya argoni unayoivuta pamoja na hewa iliwahi kuwa potasiamu.