Msongo wa Mawazo, Sikukuu na Mizani: Majibu kwa Maswali Yenu

Swali: Nikiwa na msongo wa mawazo hutamani vitu vitamu hata kama nimetoka kula. Je, nimekosa nidhamu?

Hapana, na ningependa uache kujilaumu kwa hilo. Msongo unapodumu kwa wiki nyingi, tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni ya kotizoli, ambayo huamsha hamu ya kula, hasa vyakula vyenye sukari na mafuta mengi, na huchangia mafuta kurundikana tumboni. Jambo la kwanza ninalowaomba wasomaji ni kuchunguza saa ambayo hamu hiyo huwajia. Mara nyingi ni alasiri, baada ya mtu kuuruka mlo wa mchana na kujiridhisha kwa kikombe cha chai, au usiku, akiwa amesimama mbele ya kabati la jikoni, mlango wazi, pakiti ya biskuti mkononi na mawazo yakiwa bado kazini. Mtu huyo anahitaji mlo wa mchana wenye protini na nyuzinyuzi, kwa mfano maharage au mayai pamoja na mboga na nafaka isiyokobolewa, kwa sababu mlo wa aina hiyo hushibisha kwa muda mrefu. Biskuti nazo ziwekwe chache kwenye sahani, ziliwe akiwa ameketi.

Swali: Katika siku chache za sikukuu mizani huonyesha nimeongezeka kilo mbili. Je, yote ni mafuta?

Si rahisi yote yawe mafuta. Chumvi nyingi huufanya mwili uzuie maji, na wanga wa ziada huhifadhiwa kwenye misuli na ini kama glikojeni, ambayo kila gramu yake hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ndiyo maana sehemu kubwa ya uzito huo huondoka ukirudi kula kama kawaida.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile kidogo kinachobaki. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwafuatilia watu wazima 195 na kukuta kwamba katika kipindi cha sikukuu za mwisho wa mwaka waliongezeka kwa wastani wa kilo 0.37 tu, lakini uzito huo haukupungua katika miezi michache iliyofuata. Hali hiyo ikijirudia kwa miaka 10, mtu hujikuta na karibu kilo 4 ambazo hakumbuki alizipata lini. Kwa hiyo jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, wala usiihangaikie mizani kila siku.

Swali: Nikila kupita kiasi, je, kesho yake nishinde na njaa?

Usifanye hivyo, kwani jioni utakula kwa pupa kuliko jana. Kula milo yako kwa wakati wake na upunguze kwanza vinywaji vyenye sukari: kopo moja la soda la mililita 330 huwa na gramu 35 hivi za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25.

Swali: Hufanya kazi hadi usiku wa manane kwa msaada wa kahawa. Je, hilo linahusiana na uzito?

Linahusiana sana. Usingizi ukipungua, homoni ya njaa iitwayo ghrelini hupanda na leptini, inayouambia ubongo kwamba umeshiba, hushuka. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kahawa ya saa 11 jioni bado inakukesha saa 4 usiku. Kikombe cha mwisho kiwe cha mchana.

Swali: Kila majira ya baridi huwa mnyonge, hulala kupita kiasi na kula wanga bila kikomo. Nile nini?

Kwako wewe sitaanza na chakula. Unyonge unaorudi kila mwaka katika majira yaleyale unaweza kuwa sonona ya msimu, ambayo hutibika, ikiwa ni pamoja na kwa tiba ya mwanga, na kwa hiyo nakusihi umwone daktari mapema. Wakati ukisubiri miadi, toka nje asubuhi mara kunapokucha, na jioni anza mlo kwa bakuli la supu ya moto ya mboga na dengu kabla ya kugusa mkate.