Windows 10 dukani: uhame au ubaki?

Nina stationery Morogoro, kompyuta mbili za Windows 10. Nasikia Microsoft wameizima. Mbona zangu zinawaka kama kawaida?

Na zitaendelea kuwaka. Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni masasisho ya bure ya usalama. Tundu jipya la kupitia wadukuzi likigunduliwa sasa, hakuna wa kukuzibia usipolipia. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai malipo, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kiraka chake, yaani sasisho la kuziba tundu kilikopitia, kilikuwa kimetoka tangu Machi. Walioumia ni ambao hawakukiweka, au waliokuwa na Windows za zamani zisizohudumiwa tena.

Kwako wewe, flashi za wateja zinachomekwa kutwa nzima. Basi mashine moja iondoe kwenye intaneti, flashi zote ziingie humo, ichape na kutoa kopi tu. Hiyo inaweza kubaki na Windows 10. Ile unayoingilia benki na barua pepe ndiyo ya kuhamishia kwanza Windows 11, toleo lililofuata.

Nina duka la dawa Mombasa. Fundi asema mashine yangu haikubali Windows 11, ninunue nyingine. Anayo ya kuniuzia.

Kama anayo ya kuuza, hakikisha mwenyewe kwanza. Pakua programu ya ukaguzi ya Microsoft iitwayo PC Health Check, ni ya bure, itakuonyesha kinachokosekana. Windows 11 hutaka RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, nafasi ya diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea. Mara nyingi TPM imo ndani ila imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, kabla Windows haijawaka), na kuiwasha ni kazi ya dakika chache. Ikisema tatizo ni prosesa, fundi wako hakukudanganya. Zipo mbinu za kuilazimisha. Kwa mashine ya biashara sizishauri. Na hiyo GB 4 ni ya kwenye karatasi, tafuta 8.

Mimi ni mhasibu Arusha. Programu yetu ya uhasibu ni ya zamani sana, na printa ya risiti vilevile. Bosi anataka tuhamie Windows 11 wikiendi hii.

Mzuieni bosi kwa adabu. Hapa ndipo maduka mengi hujikwaa, maana wanakagua kompyuta na kusahau vinavyoitegemea. Windows huja kwa aina mbili, biti 32 ya zamani na biti 64 ya kisasa, na Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Kama Windows 10 yenu ni ya biti 32, haipandi juu kwa juu. Inafutwa na kuwekwa upya, na programu zote zinawekwa upya pia. Programu za biti 16, za enzi za DOS (mfumo wa kabla ya Windows), hazitafunguka kabisa. Printa ikiwa na draiva (programu ya kuiunganisha na kompyuta) ya biti 32 tu, itabaki kuwa pambo la kaunta.

Mwombeni aliyewauzia programu athibitishe kwa maandishi kwamba toleo lenu linafanya kazi kwenye Windows 11. Muulizeni pia kama leseni itahamia au italipiwa tena. Nakilini data kwenye diski ya nje, kisha ifungueni kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa siiamini. Hamisheni mashine moja tu, mtoe risiti, mchape ripoti ya mwezi. Msifanye hivyo karibu na tarehe 20, ritani ya VAT ikiwasubiri. Mkipanda juu kwa juu, mna siku 10 za kurudi Windows 10 kwenye mipangilio.

Je, kulipia masasisho ya ziada ya usalama ili nibaki na Windows 10 kuna maana? (Nakuru)

Kwa biashara, bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Jumla ni dola 427. Kwa mashine kuukuu, weka hela hiyo kwenye nyingine. Lipia mwaka mmoja tu iwapo programu unayoitegemea bado haijawa tayari.

Vipi Linux, ule mfumo mwingine badala ya Windows, kwa saiba yangu? (Kisumu)

Kama wateja wako ni wa mtandaoni na kuandika barua, Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, inatosha, haina leseni ya kununua, na hukubali mashine ambazo Windows 11 imezikataa. Ijaribu kwa flashi bila kusakinisha, uone kama Wi-Fi, printa na skana zinaitikia. Kama una mashine yenye programu ya uhasibu, hiyo usiiguse.