Fundi wa sauti akifika nyumbani anasikiliza nini?

Ndugu uliyeuliza, nilisoma swali lako jana usiku nikitoka kazini, nikalala nalo. Unasema umepata nafasi ya kujifunza kazi kwenye studio moja hapo Nakuru, na kinachokutia hofu ni kwamba mafundi unaowajua hawafurahii muziki tena. Unauliza kama ni kweli, na sisi tuliokaa miaka mingi kwenye kazi hii tukifika nyumbani tunasikiliza nini.

Ni kweli, raha inapotea. Mimi ilinipotea karibu miaka 2. Ilirudi, lakini haikurudi ileile, na hapo ndipo nitakapokaa kidogo.

Mimi ni mtu wa Khayega, Kakamega. Nilikuja Kisumu mwaka wa 2003 kubeba spika kwa jamaa aliyekuwa akikodisha mitambo. Harusi zilikuwepo, mikutano ya hadhara ilikuwepo, lakini ugali wetu ulitoka matangani. Mtu wa huku anajua: jenereta kwenye pikapu, turubai, spika 4, na mnapiga mpaka kuche. Huko ndiko nilikofunzwa kushika miksa, kwa mwanga wa tochi. Baadaye nikaingia studio Kondele, chumba kimoja juu ya duka la mahindi, kuta zimevishwa magodoro ya zamani ili sauti isirudi. Nipo hapo hadi leo, na wikendi nasimamia sauti za bendi kwenye vilabu vya mjini na vya ufuoni.

Kinachoua raha ni hiki. Sikio linajifunza kupasua wimbo. Mwanzoni unafurahi kwa sababu unasikia besi peke yake, ngoma peke yake, gitaa la ridhimu limejificha wapi. Halafu unajikuta huwezi tena kuzirudisha pamoja. Niliwahi kukaa kwenye harusi ya binamu yangu, watu wote wako uwanjani, shangazi zangu wanatoa jasho, na mimi nimeinamisha kichwa nikisikiliza mvumo wa umeme, ule wa hezi 50 unaotokea waya wa ardhini ukiwa haujafungwa vizuri. Shangazi alikuja akanishika mkono akaniuliza kama naumwa. Sikuwa na la kumjibu. Kwenye matatu ya kwenda Kakamega abiria wanasikia wimbo, mimi nasikia mwimbaji amesukumwa mbele mno.

Sasa niseme kilichonirudisha. Siku moja aliletwa mzee kutoka upande wa Siaya, mpigaji nyatiti. Mjukuu wake ndiye aliyelipia. Nyatiti, kwa asiyeijua, ina nyuzi 8. Mpigaji anakaa kwenye kigoda, ala iko chini mbele yake, na kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia amevaa pete nzito ya chuma ambayo anagongea mti wa ala yenyewe. Mguuni pia kuna njuga, Wajaluo wanaziita gara. Mimi hayo yote nikayaona ni kelele. Njuga zilikuwa zinaingia kwenye maiki ya sauti, na pete inalia kuliko nyuzi. Nikamwomba mzee kwa heshima avue njuga. Nikakunja zulia nikaliweka chini ya ala ili pete isigonge sana. Maiki moja nikaisogeza karibu kabisa na nyuzi, nyingine mdomoni.

Mzee hakubisha. Alipiga. Tulirudia mara 4, na kila mara anachelewa, anawahi, anachelewa tena. Nikadhani ni uzee. Mara ya 4 aliacha katikati, akaweka kiganja juu ya nyuzi zikanyamaza, akaniambia kwa Kiswahili cha polepole: "Mwanangu, mguu wangu umeufungia nje. Sasa mikono itamfuata nani?"

Nilishuka kwa seremala wa hapo chini nikaazima kipande cha plaiwudi. Tukaondoa zulia, tukaweka ubao, mzee akavaa njuga zake. Maiki zote 2 nikazitoa, nikasimamisha moja tu mbele yake, umbali wa mkono mmoja, usawa wa kifua. Alipoanza nilivaa hedifoni, na nikasikia chuma, nyuzi, na pumzi yake anayoivuta kabla ya kila mstari. Ile pumzi ndiyo iliyoniingia. Alipiga dakika 11 bila kusimama na sikugusa kitu. Pikipiki za Kondele zimo ndani ya rekodi hiyo ukisikiliza vizuri, na niliziacha.

Kijaluo wakati huo nilikuwa najua cha kununulia samaki tu. Lakini kuna neno moja nililojifunza siku ile na sijalisahau: thum. Ni muziki, na ndilo jina wazee wanalotumia kwa nyatiti yenyewe. Tangu hapo nikisikiliza kwa raha yangu namtafuta mtu. Namtafuta vidole vyake, mguu wake, mahali anapochoka na mahali anapopata nguvu. Kupasua wimbo bado napasua, siwezi kuacha, ila sasa nikipasua nakuta mtu ndani.

Kwa hivyo nyumbani nasikiliza nini? Kwanza gitaa kavu la kwetu, omutibo. George Mukabi, mtu wa Kisa, alifariki mwaka wa 1963, na mpaka leo sijasikia gumba kama lake. Gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu, na gitaa moja linasikika kama mawili. Baada yake nasikiliza Abana ba Nasery wa Bunyore: Shem Tube na Justo Osala kwenye gitaa, na Enos Okola na chupa ya Fanta. Ndiyo, chupa. Ile ya zamani yenye mistari, inakwaruzwa kwa chuma. Nilishawahi kujaribu kutengeneza mlio huo kwa kompyuta kwa ajili ya mteja aliyetaka wimbo wenye ladha ya kizamani. Nilikaa jioni nzima. Nilichopata kilikuwa safi, kinarudi vilevile kila mara, na kilikuwa kimekufa. Chupa mkononi mwa mtu hailii sawa mara mbili. Akiikaza inakuwa na mlio mfupi, akiilegeza inapumua. Nikaenda kununua soda.

Benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, siwezi kuimaliza hapa. Baba yangu alifanya kazi reli hapa Kisumu, na mwisho wa mwezi alikuja Khayega na sahani za santuri, zile ndogo, na mashine ya kutumia betri. Nyingi zilikuwa za D.O. Misiani na Shirati Jazz. Sahani hizo wimbo ulikatwa mara mbili: sehemu ya 1 upande huu, sehemu ya 2 upande wa pili. Gitaa linaanza kushika mbio, halafu sauti inafifia, kimya, baba anainuka, anageuza sahani, anapuliza vumbi, anaishusha sindano, na mbio zinaendelea. Leo nyimbo hizohizo ziko kwenye simu, zimeunganishwa, hazina mkato. Mimi bado nausikia. Mahali pale pa katikati mwili wangu unasubiri baba ainuke. Mwenzangu wa studio, kijana wa miaka 24, anasikia wimbo mrefu tu wa gitaa, na simlaumu, maana hakuwepo.

Misiani alifariki hapa hapa Kisumu, kwenye ajali ya barabarani, Mei 2006. Nilikuwa juu ya paa la klabu nikifunga spika nilipoambiwa. Nilishuka, nikakaa kwenye ngazi. Kazi tuliimaliza usiku huo, sikumbuki ilikuwa ya nani.

Ukitaka kusikia benga inavyofanya kazi, usianze na mwimbaji. Anza na gitaa la solo: mwimbaji akimaliza mstari, solo inaurudia kama mtu anayemjibu. Chini yake kuna besi ambayo haikai nyuma kama kwenye muziki mwingine, inaruka yenyewe. Wakishamaliza kuimba, magitaa yanabaki peke yake na hapo ndipo watu wanainuka. Kila ninapofundisha kijana nampa kazi ya kufuata besi peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hedifoni, macho yamefungwa. Wengi wanarudi wakiwa wanatabasamu.

Okatch Biggy na bendi yake, Super Heka Heka, nawasikiliza kwa sababu ya kazi ya vilabuni, nao wamenisaidia sana. Biggy alifariki mwaka wa 1997, sikumwahi. Lakini pakruok nimezisimamia mamia. Mteja anainuka, anaweka noti, bendi inashuka, anapewa maiki, anajisifu: yeye ni mwana wa nani, kijiji gani, anampenda nani. Akimaliza magitaa yanapanda. Kwa fundi hizo ni sekunde za hatari: solo ishuke, maiki ya mteja ipande bila spika kupiga mluzi, na jina la mama yake lisikike mpaka mlangoni. Mtu amelipia jina hilo lisikike. Nikishusha vizuri naona uso wake ukibadilika. Hiyo nayo ni sehemu ya muziki, na hakuna studio itakayokufundisha.

Musa Juma wa bendi ya Limpopo, aliyefariki mwaka wa 2011, ndiye ninayemweka Jumapili jioni. Benga yake ina rumba ndani, haina haraka. Na usiku kabisa, watoto wakilala, Ayub Ogada. Yeye aliifikisha nyatiti mbali sana duniani, kisha akarudi nyumbani, na alifariki mwaka wa 2019 Nyahera, hapo juu tu ya mji.

Isukuti ya kwetu siisikilizi kwenye rekodi kabisa. Ngoma 3, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe. UNESCO waliiweka mwaka wa 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na wako sahihi kuwa na wasiwasi. Lakini sijawahi kuirekodi ikakubali. Ngoma ile inapigwa kifuani mwako kabla haijafika sikioni, na spika ya mezani haina kifua. Mimi huisubiri Disemba nyumbani.

Kuna nisichopenda pia, nikuambie ukweli. Ohangla, muziki wa ngoma wa Wajaluo, ikipigwa kwa kinanda peke yake hainiingii. Nilimkuta mzee mmoja Kibuye aliyekuwa bado na ngoma ya ngozi ya kenge, na mlio wake ulikuwa mkali, mkavu, unakata kelele za soko lote. Kinanda kimeuweka pembeni mlio huo kwa sababu ni rahisi kubeba na mpigaji mmoja analipwa badala ya watano. Naelewa hesabu hiyo. Nachanganya nyimbo hizo kila wiki na nazifanya kwa moyo wote, maana aliyezileta ameuza mbuzi kulipia. Wimbo wa mteja si lazima uupende, lakini ni lazima ujue yeye anaupendea nini. Ukikosa kujua hilo utaharibu kazi yake huku ukidhani unaitengeneza.

Mambo mawili ya kazi kabla sijasahau. Masikio yako ni mtaji. Sauti ya desibeli 85 unaweza kuivumilia kwa muda wa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu, na zikifika 100 umebakiwa na dakika 15. Vilabu vingi vinapita hapo. Mimi nilichelewa kununua vizibo vya masikio, na sikio la kushoto lina mlio ambao hauondoki. Siku ya Jumatatu sipigi muziki wowote. La pili: kila unachochanganya kisikilize kwenye simu ya bei rahisi, maana huko ndiko kitakakosikilizwa. Spika ya simu haina besi ya chini. Inabidi uipe besi mlio kidogo wa juu ili sikio liikumbuke.

Pesa? Kuna mwenye klabu mmoja ambaye hajanilipa usiku 6 wa kazi tangu 2014. Andikishana na watu.

Na hifadhi rekodi zako, mahali pawili. Yule mzee wa nyatiti alipofariki, mjukuu alinipigia simu. Nakala waliyokuwa nayo ilikuwa imepotea na simu iliyoibiwa. Mimi nilikuwa nayo. Nilipeleka spika 2 mwenyewe, bila malipo, nikaipiga saa 8 usiku watu wakiwa wamezunguka moto. Nilikaa kando ya miksa na sikugusa kitu. Akina mama walioketi karibu na spika walianza kugonga miguu chini, polepole, pale pete inapogonga. Umeuliza tunasikiliza nini. Ninachokisikiliza kuliko vyote ni hicho, dakika 11, na hakipo kwenye intaneti.