Mpotovu, mkaidi au shingo upande?

Swali: Natafsiri hadithi ya Robert Louis Stevenson ya mwaka 1881, "Thrawn Janet". Kamusi inaniambia kwamba "thrawn", neno la Kiskoti (lugha ya Uskoti), ni kitu kilichopinda, na pia mtu mkaidi mwenye hasira. Nimeandika "Janet Mpotovu". Je, nimepatia?

Jibu: Umeugusa mzizi wa neno, lakini umemtukana Janet.

"Thrawn" limetokana na kitenzi "thraw", yaani kusokota au kupinda. Nduguye wa Kiingereza ni "throw", ambalo kabla ya kuwa kurusha lilikuwa kusokota, na mpaka leo wafinyanzi wao hulitumia wanapofinyanga chungu kwenye gurudumu. "Thread", uzi, ni la ukoo huohuo. Sasa tazama kwetu: uzi tunaupota, kilichonyooka tukikipotoa kinapotoka, na mtu aliyepotoka ni mpotovu. Picha ni ileile, kwa hiyo sishangai neno hilo kukujia. Lakini mpotovu wa leo ni mtu aliyeharibika maadili. (Upotevu ni jambo jingine: huo ni wa fedha na mali, na inaniuma kila ninaposoma "upotovu wa fedha" pale fedha zilipopotea tu.) "Thrawn" halimshtaki mtu kwa dhambi. Ni yule ambaye ukimwambia twende kulia atashika kushoto, uso kaukunja, na hang'oki hapo. Waskoti hulitamka kwa kero, na mara nyingine kwa fahari pia.

"Mkaidi" linaibeba tabia hiyo ila halina umbo. Ukisema mti ni mkaidi hakuna atakayeelewa kwamba umepinda, ilhali mti uliosokotwa na upepo Waskoti huuita "thrawn" bila shida. "Kombo" nalo lina umbo tupu, hasira haimo.

Turudi kwenye hadithi yenyewe. Janet anatokea mbele ya watu shingo imepinda, kichwa kimelala upande mmoja kama cha mtu aliyenyongwa. Mchungaji anaamini ni kiharusi. Wanakijiji wanaamini ni shetani. Nasi Waswahili shingo hiyo tunayo zamani: anayekubali asilolitaka amekubali shingo upande. Mwili na moyo vimo katika maneno mawili. Ningeandika "Janet Shingo Upande". Najua kutoridhia hakufikii ukali wa "thrawn", lakini msomaji ataiona shingo kwanza, kisha aisikie nafsi iliyogoma, na hakuna neno letu jingine ninalolijua linalofanya kazi hizo mbili kwa pamoja.

Kwingineko utakakolikuta neno hili, liangalie linamlaumu mtu au linamsifu. Likimlaumu, "mkaidi" linatosha. Likimsifu asiyeyumba, "mshupavu" ndilo lake. "Mpotovu" liondoe kila ulipoliweka.