Re: Mashabiki wa Roma wa nchi mbalimbali, tuwaunganishe vipi?

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kuwakusanya mashabiki wa AS Roma, klabu ya soka ya Italia, walio Mombasa, Muscat na Toronto wakati hawajuani. Anza na lugha. Roma wenyewe walifungua akaunti ya Twitter kwa Kiswahili, na mtu akisemeshwa kwa lugha yake hujiona ana nafasi.

Pili, wapeni watu kazi ya kufanya pamoja, kubwa kuliko matokeo. Mwaka 2019 klabu ilianza kutangaza usajili kwa video zenye picha za watoto waliopotea. Mashabiki wa nchi nyingi walizisambaza, na wamo watoto wa Kenya waliopatikana. Kwangu hilo lina uzito kuliko hata kombe la Ulaya la Conference League ambalo Roma walitwaa 2022, na kombe lile nililipenda sana!

Saa nazo ziangalie. Mechi ya saa 2:45 usiku kule Italia, majira ya baridi, Dar ni saa 5 kasorobo. Wenye kazi alfajiri watalala, kwa hiyo wekeni mazungumzo ya kesho yake jioni, marudio yakionyeshwa. Na msimamizi asiwe mmoja. Kila mji uwe na wake.