Mnaoanza usanifu majengo huku Sweden, mkauguse kwanza ule ukuta wa kanisa la Björkhagen

Wadogo zangu mnaokuja huku kusoma usanifu au kufanya kazi kwenye ofisi za ramani, nimekaa Stockholm miaka tisa sasa na kitu cha maana kuliko vyote sikukipata darasani, nilikipata kwenye ukuta wa kanisa.

Kazi yangu ya kwanza nilichora ukuta wa tofali kwenye kompyuta, nikaweka mlango pale nilipoona panapendeza basi, sikuhesabu hata tofali moja. Wiki mbili baadae fundi akanipigia simu niende saiti, akanionyesha rundo la vipande maana kila kozi, yaani kila mstari wa tofali, ilibidi akate, siku nzima mashine inalia na vumbi tupu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nishawahi kwenda Björkhagen, mtaa mmoja wa hapa Stockholm.

Nikapanda treni ya laini ya kijani, ukishuka kanisa lipo jirani tu, limejificha kwenye miti ya birch. Linaitwa Markuskyrkan, lilichorwa na kujengwa kati ya 1956 na 1960, aliyelichora ni Sigurd Lewerentz, mzee aliyekuwa ameshapita miaka 70. Tofali zake ni za Helsingborg, mji wa kusini, nyeusi nyeusi, zilizochomwa mpaka zikawa ngumu. Sharti lake lilikuwa moja: tofali halikatwi. Sasa kama halikatwi na ukuta lazima ufike pale unapotakiwa kufika, kinachobeba tofauti ni mota, ule mchanganyiko unaoshikisha tofali, ndo maana ukisogea unaona jointi, yaani nafasi kati ya tofali na tofali, nyingine nyembamba nyingine nene kweli kweli, na mota yenyewe imepakwa mpaka juu ya uso wa tofali. Nilisimama pale naupapasa kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi, ilikuwa Novemba.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hujachora chochote jua kipimo cha tofali. La huku la kawaida ni milimita 250 kwa 120 kwa 62. Ongeza jointi, alafu ndo upange milango na madirisha kwa hesabu hiyo, siku zote. Ukibanwa kabisa mwulize fundi jointi inaweza kuvumilia kiasi gani, usimwachie aje kugundua mwenyewe akiwa juu ya jukwaa na baridi hii.

La pili ni saiti. Nendeni saiti jamani, hata kama bosi hajakutuma, omba. Kuta za namna ile haziwezi kumalizikia mezani, maana kila kozi ina uamuzi wake, inabidi mchoraji na fundi wasimame pamoja waamue. Mimi siku hizi kila Alhamisi asubuhi nipo saiti na buti zangu, na kiswidi changu cha kazi nimekitoa kwa mafundi kuliko shuleni.

Na hili nawaambia hasa mliokosa kazi mliyoisomea, maana najua mpo wengi. Lewerentz alizaliwa 1885, mwaka 1915 yeye na msanifu mwenzake Gunnar Asplund walishinda shindano la kuchora makaburi ya Skogskyrkogården hapa Stockholm, ambayo leo ni urithi wa dunia wa UNESCO. Miaka ya 30 akaondolewa kwenye mradi huohuo, kazi ikabaki kwa mwenzie. Akaenda zake mji wa Eskilstuna akawa na kiwanda cha kutengeneza madirisha na milango, miaka mingi tu. Alafu mwangalie kwenye kanisa la Mtakatifu Petro kule Klippan, 1963 mpaka 1966: dirisha halina fremu kabisa, kioo kimebandikwa kwa nje ya ukuta na kushikwa na vibanio, ukiwa ndani unaona tundu tu kwenye tofali. Mtu ambaye hajashika fremu kwa mikono yake asingethubutu kuiondoa. Ile miaka ya kiwandani haikupotea hata kidogo, na wewe unayefanya kazi ya kufunga milango kwenye majengo leo huku una digrii usione aibu, shika vitasa, jua bawaba zinavyofanya kazi.

Klippan ni kusini, mkoa wa Skåne, nauli inauma kidogo lakini nendeni. Ukiingia utaona giza, usitoke, kaa kwenye kiti dakika kumi macho yazoee. Sakafu ya tofali inateremka kuelekea madhabahuni, na pale pa ubatizo kuna gamba kubwa la baharini, maji yanadondoka tone tone kwenye ufa uliopo sakafuni, na ukitulia unayasikia.